Mama Chloé Ang'olewa Madirisha

Célestine, ambaye mtaa mzima wa Bellevue unamwita Mama Chloé, alitoka kanisani Jumapili hiyo akiwa na wimbo mdomoni. Wimbo ukakatika alipowasha kompyuta. Kioo kilikuwa na rangi ngeni. Ile alama ya Windows haikuwepo, na mahali pake palikaa kiduara kimoja cha kijani ambacho hakuwahi kukiona.

"Papa Chloé!" aliita. "Kuja hapa. Tumeibiwa!"

Mumewe Ruphin alikuja akijikuna shingo. Alikuwa mlinzi kwenye maduka ya Turffontein, jitu la kifua kipana ambalo wezi waliliogopa, lakini nyumbani akiwa na kosa, mkono ulikwenda shingoni wenyewe.

"Hatukuibiwa," alisema. "Nilitaka kukufurahisha."

Kompyuta ile waliinunua ikiwa imeshatumika, na uzee ulikuwa umeiingia. Tangu Oktoba ilikuwa ikitoa tangazo kwamba Windows yake imefikia mwisho na haitatunzwa tena, na kwamba mashine yenyewe ni ya zamani mno kupokea ile mpya. Kila asubuhi Célestine alilifungia tangazo hilo kama anavyomfungia mlango mchuuzi. Ruphin ndiye aliyeingiwa na hofu. Mwenzake wa kazini, Hénock, alimwambia asiitupe. Kuna mfumo wa bure uitwao Linux, na aina yake moja, Mint, ni rahisi hata kwa anayeanza, tena hauichoshi mashine nzee. Basi Célestine alipokuwa kanisani, wanaume wawili walinakili kazi zake zote kwenye diski ya pembeni, wakafanya yao.

"Mint?" aliuliza Célestine. "Ile peremende ya kutoa harufu mdomoni?"

"Ni jina tu, mama."

"Kwa hiyo umening'olea madirisha ya nyumba, ukanipa peremende."

Ruphin alitaka kueleza, lakini alijua saa ya kueleza ilishapita. Kompyuta ile ndiyo iliyokuwa jembe la mkewe. Humo alitengenezea kadi za harusi, ratiba za misiba na vyeti vya ubatizo vya Wakongo wa Bellevue na Yeoville, na hata vya Wakenya wachache. Jioni hiyo hakukuwa na bukari, ule ugali wa kwao. Ruphin alikula mkate na chai, akashukuru kwamba chai ilikuwa na sukari.

Jumatatu, mume akiwa kazini, Célestine aliketi mbele ya mashine na kuanza kutafuta makosa, kama mama mkwe anayekagua masufuria ya bibi harusi. Alitaka ushahidi. Lakini jambo la kwanza aliloliona ni kwamba mashine ilikuwa ikimsemesha Kifaransa. Hénock alikuwa ameichagulia lugha hiyo. Ile ya zamani ilikuwa ya Kiingereza, na kila ilipomwuliza neno gumu ilimbidi ampigie simu binti yake Chloé anayesoma Pretoria. Chloé naye alimjibu kwa Kiingereza cha mbio, hata mama akakata simu akiwa na matatizo mawili badala ya moja. Sasa palikuwa pameandikwa *Enregistrer*, *Imprimer*, *Corbeille*, yaani hifadhi, chapisha, kikapu cha taka, yale maneno aliyoandikiwa ubaoni na masista wa Lubumbashi, yamekaa sawasawa kama hayajawahi kuhama.

Alifungua kadi ya zamani. Herufi zilikuwa zimesogea, jina la bibi harusi limerukia mstari wa chini peke yake kama mtu aliyekosana na mumewe. "Nimekupata!" alisema Célestine kwa furaha. Akabofya hapa na pale ili aone uharibifu umefika wapi, na kabla hajajua anafanya nini, jina likarudi kwa mumewe. Akaituma kadi kwenye printa. Sasa printa ile ilikuwa na desturi yake: huzimwa, huwashwa, huombewa, na mwisho hupigwa kofi. Siku hiyo ilikohoa kidogo na kutoa kadi.

Célestine aliitazama. "Na weye pia?" akaiuliza.

Ruphin aliporudi, mkewe alikuwa tayari kumwambia ukweli. Naapa alikuwa tayari. Lakini mume aliingia na nyama na fungu la sombe, yale majani ya muhogo, akajifunga kitenge cha mkewe kiunoni na kuuliza kwa sauti ya mgonjwa, "Mashine imekufanyia nini leo?"

Ukweli ukaona ni busara kungoja.

"Inanitesa," alisema Célestine, akainyoosha miguu. "Kichwa kinaniuma."

Kuanzia hapo maisha yake yalinyooka. Ruphin alisonga bukari, aliosha vyombo, alijipigia pasi sare ya kazi. Mke akilalamika kwamba herufi zimemkataa, mume alifua mashuka. Akisema macho yanamuwasha, mume alikwenda dukani. Dhamiri ilimchoma, hasa kwenye maombi, akamwahidi Mungu kwamba atasema Ijumaa. Ijumaa ipi, hakusema.

Siku moja alikuja Maryanne, Mkenya afanyaye kazi benki aliyekuwa amemwagiza kadi za harusi ya mdogo wake Nyambura. Alikaa kando ya Célestine kuangalia maua yakipangwa kwenye kadi.

"Mama Chloé, hii kompyuta yako siku hizi iko sharp!" alisema kwa sauti. "Na vile ilikuwa inakusumbua! Umefanya nini?"

"Shii!" Célestine alimziba mdomo kwa kiganja na kuelekeza macho jikoni, ambako Ruphin alikuwa akisugua sufuria. Maryanne alitazama sufuria, akamtazama Célestine, akaelewa. Alicheka kimoyomoyo mpaka hereni zikatikisika.

"Nakuja kuzichukua Ijumaa," alinong'ona. "Na pole sana kwa mateso."

Alhamisi Célestine alikwenda Newtown kununua karatasi ngumu za kadi hizo. Aliporudi alimkuta Ruphin na Hénock wamesimama sebuleni, wamevimba kwa fahari.

"Mama Chloé," alisema Ruphin, "mi siko mnyama. Nimeona unavyoteseka. Leo ilikuwa siku yetu ya mapumziko, tumeimaliza yote hapa. Angalia!"

Windows ilikuwa imerudi. Kiduara cha kungojea kilikuwa kikizunguka, kikizunguka, na chini yake maneno ya Kiingereza yaliomba subira. Célestine aliketi, akangoja. Kilipoacha kuzunguka, alijaribu printa. Printa haikuonekana. Akaizima, akaiwasha, akaipiga kofi. Hakuna.

Machozi yakamlengalenga.

"Unaona?" Ruphin alimwambia Hénock. "Analia kwa furaha."

"Papa Chloé," alisema mkewe polepole, "mimi sina neno. Ila hii printa... ilishazoea ile ingine. Sitaki kuitesa."

"Printa?"

"Ndiyo. Naihurumia."

Hénock alianza kukagua dari. Ruphin naye alimkazia mkewe macho. Kwa miaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa maduka akiwatazama watu wenye sabuni ndani ya koti, na uso ule aliufahamu. Akanyoosha mkono kama afanyavyo kazini.

"Mama, fungua mkoba."

Célestine akayatoa yote kwa pumzi moja: Kifaransa, kadi, printa, hata ile Ijumaa aliyomwahidi Mungu.

Ruphin alitafuta kiti. "Na kile kichwa?"

"Kiliuma kidogo."

"Na mashuka niliyofua?"

"Mashuka yalikuwa machafu kweli."

"Eish!" alisema Hénock, akatoka nje kwenda kucheka. Kicheko chake kiliingia kupitia dirishani. Ruphin alikaza uso kadiri alivyoweza, lakini tumbo lilimsaliti. Lilianza kutikisika lenyewe, na muda si muda mume na mke walikuwa wameshikana mabega, wakicheka mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Mi siigusi tena mashine ile," alisema Ruphin akijifuta macho. "Weka weye mwenyewe."

Célestine akaiweka Mint mwenyewe. Hénock alielekeza akiwa mlangoni, na yeye akabofya. Mashine ilipouliza kama kweli anataka kufuta kila kitu, alimwapisha kwanza Hénock kwamba kazi zake zimenakiliwa, kisha akafumba macho na kubofya. Ijumaa Maryanne alizikuta kadi zimefungwa tayari, akaondoka bila kuuliza neno mbele ya Ruphin.

Jioni hiyo Célestine alipika mwenyewe, kwa kujirudi. Mkono ulikuwa umesahau kazi, na bukari ikatoka na madonge. Ruphin alilila kila donge taratibu, akilisifu moja baada ya jingine, hata mkewe akamrushia kitambaa. Kesho yake Ruphin aliporudi kutoka kazini, bila kuombwa na mtu, aliingia jikoni na kuuchukua mwiko.