Jalada la Jabali

Gemu ilikuwa karibu kukamilika. Miraji alikuwa ameiandika kwa miaka kadhaa katika chumba chake cha kupanga pale Singida mjini, na Damari ndiye aliyechora kila kilichomo: mawe, mbuzi, mvua, na msichana anayechunga. Hadithi yake ilikuwa rahisi kueleza. Msichana anapoteza mbuzi wake kati ya mawe makubwa, kama haya yaliyotapakaa kuuzunguka mji wao, halafu anagundua kwamba mawe yale ni viumbe waliolala, na baadhi yao wameanza kuamka. Wakaipa jina moja fupi, Jabali.

Kilichobaki ni jalada. Kwenye duka la mtandaoni walikotaka kuiuza, kila gemu hupewa picha moja ndogo, ambayo kwenye simu haizidi sana ukucha wa kidole gumba, na picha hiyo inakaa katikati ya mamia ya nyingine. Mnunuzi anatelezesha kidole na kupita. Asiposimama hapo, yote mazuri yaliyomo ndani hatayajua kamwe.

Damari aliweka kwenye jalada la kwanza kila alichokipenda. Msichana alikuwamo, na mbuzi wake wote, na radi, na nyumba za tembe, na shamba la alizeti, na majitu ya mawe yakichungulia nyuma ya kilima. Jina la gemu aliliandika kwa herufi alizozichora zifanane na nyufa za mwamba. Alipoitazama kazi yake kwenye kioo kikubwa cha kompyuta alijisikia fahari, na Miraji naye akaisifu.

Kisha Miraji akafanya jaribio. Aliipanga picha ile katikati ya picha za gemu nyingine, kama itakavyokaa dukani, akazunguka nayo kwenye simu. Alikwenda saluni, kwa fundi simu, kwa vijana wa chuo. Alimwonyesha mtu ukurasa, akasubiri kidogo, akaificha simu na kumuuliza anakumbuka nini. Watu walikumbuka gari jekundu. Walikumbuka fuvu. Mmoja alikumbuka paka aliyevaa miwani. Jabali hakuna aliyeikumbuka, na dada mmoja wa saluni, alipoonyeshwa tena na kuelekezwa kwa kidole, alisema alidhani ile ni picha ya jalala.

Miraji hakumficha Damari maneno hayo. Damari akachora tena. Alipunguza mbuzi, akanenepesha herufi, akaongeza mwanga. Jalada la pili likapita bila kuonekana, na la tatu vilevile. Alianza kuamini kwamba kazi imemshinda, na alikuwa bado hajamwambia Miraji hivyo pale simu ya Asnath ilipoingia kutoka Iguguno.

Asnath alikuwa jirani ya mama yake Damari. Alisema madaktari wa macho wamekuja hospitali ya wilaya, na safari hii Mama Damari amekubali.

Mama huyo, Editha, alikuwa mkulima wa alizeti. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimjia polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka akawa anawatambua watu kwa sauti na kwa vishindo vya miguu. Kisu ndani ya jicho alikiogopa, na kila aliposhauriwa aende hospitali alisema Mungu anaona kwa niaba yake. Kilichombadilisha hakukieleza. Damari alifunga kazi zake akaenda kumuuguza.

Alipasuliwa jicho la kulia. Asubuhi iliyofuata muuguzi, mama mmoja mpole, alimketisha kitandani, akaifungua bandeji taratibu na kumwambia afumbue jicho bila haraka.

Editha alifumbua. Cha kwanza kilichokuwa mbele yake ni mkono wa muuguzi, naye akautazama kwa muda mrefu, vidole, kucha, mistari ya kiganja, kama mtu anayesoma. Muuguzi alielewa, akauacha mkono wake pale pale hewani. Kisha Editha akageuza uso. Ukutani uliegemezwa ufagio, na pembeni yake palikuwa na ndoo ya plastiki ya kudekia.

"Ile ndoo," alisema. "Ni rangi gani ile?"

"Ni bluu, mama," Damari akamjibu.

"Bluu iko hivyo?"

Muuguzi alieleza kwamba jicho lenye ukungu huipoteza bluu mapema, polepole kiasi kwamba mtu hajui kama imeondoka, na kwamba si yeye wa kwanza kuuliza hivyo. Lakini Editha hakuwa akimsikiliza. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye ndoo, akainama na kuigusa ukingoni. Damari alizoea kuchagua rangi kila siku kwa kubonyeza tu. Hakuwahi kumwona mtu akiiendea rangi kwa miguu.

Kisha mama yake akamgeukia, akamshika kidevu na kumwelekeza dirishani kwenye mwanga. "Kumbe umekuja kufanana na mama yangu," alisema.

Wakarudi Iguguno. Editha alipewa miwani meusi ya kukinga jua, akaketishwa uani na kuambiwa asishike kazi yoyote, jambo ambalo alilikubali kwa sababu alikuwa na kazi yake mwenyewe ya kutazama. Alitazama kuku. Alitazama kutu ya bati. Jioni, jua lilipoanza kushuka, alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya mashamba, kwenye jiwe kubwa lile ambalo wanakijiji huanikia mtama wao. Juu yake alisimama mtu, mbali sana, jua likiwa nyuma yake.

"Asnath yule," alisema.

Damari alikaza macho. Uso wa mtu yule haukuonekana, wala nguo yake haikuwa na rangi. Alimuuliza mama yake amemjuaje.

"Uso siuoni," Editha alisema. "Namwona Asnath."

Damari akatazama tena, na safari hii naye akaona. Mkono mmoja kiunoni, bega moja limeshuka kidogo, kichwa kimeinamia mtama. Asingeweza kuwa mtu mwingine. Alikuwa mweusi mtupu juu ya mbingu iliyojaa mwanga, mdogo kama punje, na chini yake jiwe lote lile la kale limelala. Mahindi yalikuwepo, ng'ombe walikuwepo, moshi wa majiko ulikuwepo, lakini jicho halikwenda huko. Lilikwenda kwa yule mmoja na likakaa. Damari alikuwa amekulia mbele ya jiwe lile, na ilikuwa kama limewekwa pale jioni ileile.

Aliingia ndani akatoka na kishikwambi chake, akakaa chini karibu na mama yake, akafuta kila kitu. Alichora jiwe moja, kubwa, lijaze karibu picha nzima. Nyuma yake akaweka bluu ya ndoo. Juu ya jiwe akamsimamisha msichana, kivuli tu chenye fimbo, uzito wake umeegemea mguu mmoja kama wachungaji wanavyosimama wakichoka. Ubavuni mwa jiwe akachora ufa mmoja, akaufungua kidogo, na ndani yake akaweka mwanga wa njano. Jina akaliandika kwa herufi nene zisizo na mapambo. Kisha akaipunguza picha, akaipunguza tena, mpaka ikalingana na ukucha. Kila kitu kilikuwa bado pale.

Mama yake akaomba kuona. Damari akamhamishia picha kwenye simu, ikiwa ndogo hivyohivyo, akampa bila kueleza chochote. Editha hakuwahi kucheza gemu, na hadithi ya Jabali hakuwahi kusimuliwa. Aliishika simu mbali, akaisogeza, akatulia.

"Huyu mtoto hajui kama jiwe linamwangalia," alisema. Na baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, kama vile msichana wa pichani angeweza kushtuka na kuanguka, "Mtu amwambie."

Damari alibaki amemtazama mama yake. Gemu yote, miaka yote ile ya Miraji na yake, ilikuwa imepita kwenye kidirisha kile kidogo na kumfikia mtu aliyepata jicho lake juzi.

Miraji alipoipata picha alirudia jaribio lake. Dada wa saluni aliitaja Jabali kabla ya nyingine zote, na alichotaka kujua ni kama yule mtoto atapona. Mwezi uliofuata gemu ikaingia dukani.

Siku hiyo Editha alikuwa mjini, amekuja kuangaliwa jicho la pili, na walipotoka hospitalini Damari akampeleka Ziwa Singidani. Heroe, ndege wale wa miguu mirefu, walikuwa wameshuka kwa wingi, wamesimama majini mpaka ng'ambo. Simu ikaita. Miraji, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno machache, alizungumza haraka haraka: watu wanasimama, wanafungua, wananunua, na kuna mmoja ameandika kutoka nchi ambayo ilibidi aitafute kwenye ramani, akisema alikuwa anapita tu akaona jiwe linamtazama mtoto, akashindwa kuendelea.

Damari alimshukuru, akasema atampigia baadaye.

Kitu kiliwashtua ndege upande wa pili. Wakaanza kupaa, kwanza wachache, kisha ziwa zima likainuka pamoja nao, mabawa yamefunguka na wekundu wake wa ndani, ambao waliposimama ulikuwa umefichika. Walipita juu ya vichwa vyao kwa kelele na upepo. Editha alivua miwani yake meusi. Alikuwa ameziba mdomo kwa pembe ya kitenge, na kichwa chake kiligeuka polepole kikiwafuata, mpaka yule wa mwisho.