Cheti na Ukuta Wake

Panya wa nyumba ya Wankyo, pale Nyamuswa, hawakuwa watu wa haraka. Waliingia kwa tundu moja nyuma ya kitanda, wakala mtama wao, wakatoka kwa tundu lilelile kama waumini watokao misani. Wankyo aliwazibia kwa udongo, wakachimba. Akawazibia kwa magunzi, wakayala.

Mwaka ule mwanawe Alfonsi alirudi kutoka kusini, alikokuwa akifundisha chuo cha walimu miaka tisa, tangu vita vya Mjerumani vilipokwisha. Alirudi na sanduku la bati. Wankyo alilibeba kichwani akidhani ni nguo na sufuria. Kulifungua, karatasi juu, karatasi kati, karatasi hadi chini.

"Miaka tisa, mwanangu, ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama. Kazi yangu yote imo humo."

Alfonsi alikuwa ameomba kuwa mwalimu mkuu wa shule mpya ya hapo nyumbani. Akiipata kazi, anabaki. Akiikosa, Januari anarudi kusini, na mama mtu anaanza tena kuitazama barabara. Bwana Luhende, mkaguzi wa shule kutoka Musoma, alituma salamu kwamba Jumamosi atafika. Alfonsi akashika njia kwenda Butiama kuazima viti kwa mjomba wake.

Wankyo akabaki na ukuta. Mgeni wa serikali aje atazame ukuta wa samadi? Akakumbuka chumba cha rafiki yake Mwanahalima, mwuza samaki wa Nyasho kule Musoma, kilivyobandikwa magazeti kuta zote mpaka kikapendeza kama bibi harusi. Akalifungua sanduku.

Alipika uji wa muhogo, akatia maji ya utupa, yale yanayolevya samaki, ili mende na panya wasionje. Akabandika siku mbili bila kuharakisha. Zenye mihuri akaziweka mbele ya mlango, mgeni azikute. Nyembamba akazipa ukuta laini. Moja ilikuwa nene, ngumu kama ngozi ya mbuzi. Hiyo akaipa kazi iliyowashinda wengine wote: tundu la panya. Usiku ule panya walipiga hodi, hawakuitikiwa.

Jumamosi Alfonsi akaingia na viti viwili na Bwana Luhende, aliyekutana naye njiani. Akaziona kuta. Viti vikamtoka mikononi.

"Mama. Cheti changu kiko wapi?"

"Kimo humuhumu. Hakuna kilichotupwa."

Bwana Luhende akafuta miwani yake. "Mwalimu, mimi nimetumwa hicho cheti. Jumatatu kiwe mezani Musoma. Bila cheti, nafasi inakwenda kwa mwingine."

Mwanahalima, aliyekuja mnadani na samaki wake, alikuwa amejiegemeza mlangoni. "Mimi nilisema magazeti, shoga. Sikusema umbandike mtoto."

Mkaguzi akaanza kuusoma ukuta, mikono nyuma, kama anayekagua darasa. "Maandalio ya hesabu... safi. Barua ya mkuu wa chuo, anamsifu... safi sana." Akainama kidogo. "'Alfonsi wangu, soksi ninazokufumia zimekwisha, imebaki ya kushoto. Wako, Penina.'"

Alfonsi akakohoa.

"Penina ndiye nani?" Wankyo akauliza.

"Mwalimu mwenzangu, mama."

"Walimu huko wanafumianaga soksi?"

"Mama, cheti."

"Kikoje hicho cheti?"

"Kinene. Kina muhuri mwekundu chini."

"Mwekundu kama jicho la sato wa juzi?"

"Huohuo."

"Si ungesema tangu mwanzo." Akasogeza kitanda.

Bwana Luhende akapiga magoti na suruali yake ya pasi, akasoma tundu la panya. Jina ndilo. Daraja la kwanza. Hakuna jino lililogusa. Alfonsi akajaribu kukibandua kwa ukucha, kwa kisu, kwa maji ya moto. Cheti hakikutikisika.

"Uliweka nini, mama?"

"Niliweka subira."

"Nami siwezi kuandika kwamba nimekiona uvunguni," akasema mkaguzi. "Wanakitaka chenyewe."

Wankyo aliutazama ukuta aliousiriba kwa mikono yake, akamtazama mwanawe. Akatoka, akarudi na panga. Akakata taratibu kukizunguka cheti, udongo na fito pamoja, kikatoka kipande kikubwa kama ungo. Mwanahalima akavua kanga yake ya juu wakakifunga.

"Kanga yangu irudi, Bwana Mkaguzi. Ukuta mnaweza kubaki nao."

Kikafungwa kwenye baiskeli ya serikali. Bwana Luhende hakuthubutu kuipanda. Aliisukuma akitembea kwa miguu mpaka Bunda, akapata lori, akakipakata hadi Musoma.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, na kanga ndani yake: Alfonsi afungue shule Januari. Asubuhi ile panya wawili walipita katikati ya chumba bila hata kuinama, maana mlango wao sasa ulikuwa mpana.

"Alfonsi," Wankyo akaita kutoka jikoni, "njoo ufukuze panya. Si umebaki nyumbani?"

"Nitaliziba tundu leo, mama."

"Ukimaliza umwandikie yule wa soksi. Aje na sanduku lake. Ukuta wa kule ghalani bado hatujaubandika."