Ungo Uliokwenda na Maji

Wekoye hakuwahi kumtazama mke wa mwanawe usoni, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Kwa Wabukusu baba mkwe na mkaza mwana hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake akiangalia majani. Basi yale aliyoyajua juu ya Sellah aliyajua kwa masikio, na hayakumfurahisha.

Alisikia kwamba anaendesha baiskeli ya mumewe, Festus. Si kubebwa nyuma kama akina mama wengine wa Kibomet waendao sokoni Kitale, bali kuendesha mwenyewe, leso imekazwa kiunoni, akipanda kilima kabla ya kwenda kuchuma maua ya pareto kwa mzungu. Alisikia tena ati mvua zikianza, kila Jumapili baada ya kanisa anakwenda kwao kando ya mto Kuywa, anaingia kwenye mafuriko na ubao, na kusimama juu yake. Kusimama. Hilo Wekoye alilikataa. Watu wa Kibomet, alisema, wakikosa ugali hula uongo.

Hata Ranjit, Kalasinga aliyemuuzia Festus ile baiskeli, alikuwa amemwonya Sellah mbele ya wateja.

"Mama, miguu iko mbili tu," alimwambia. "Wewe nataka peleka barabara, nataka peleka maji, nataka peleka shamba ya mzungu. Hii miguu itaisha."

"Si mguu ni ule ule, Bwana Ranjit?" Sellah alijibu. "Kiangazi ni wa baiskeli. Masika ni wa ubao. Jumatatu mpaka Jumamosi ni wa mzungu, na huyo ndiye anayeumaliza."

Duka zima lilicheka, Ranjit pia. Lakini siku ya mashindano ya baiskeli pale Kitale, wakubwa wa mchezo walimtoa Sellah kwenye mstari, ati mwanamke akishindana ataharibu kizazi. Wekoye aliposikia alitema mate. Hakumpenda mwanamke wa baiskeli, lakini wakubwa aliwachukia zaidi.

Alikuwa na sababu. Mke wake, Lenah, alikufa kwa homa nyumbani kwao karibu na Sirisia, wiki ambayo chifu alikuwa amemchukua Wekoye kwa nguvu kwenda kupasua mawe ya barabara. Aliporudi, mikono imechubuka, alikuta majirani wamekwisha kuchimba kaburi. Walimzika kwenye kipande cha chini, penye njugu alizopanda mwenyewe. Barabara yenyewe haikupita hata karibu na kwao. Ilikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa chifu.

Sasa, Wekoye akiwa amehamia Kibomet karibu na mwanawe, mpwa wa chifu, kijana mmoja mnene aitwaye Wakonyo, mwenye biashara ya mahindi Kitale, alidai kipande kile ni chake. Kaburi na njugu, vyote. Kesi ilipelekwa kwenye korti ya wazee pale Bungoma, na Wekoye aliambiwa waziwazi: Jumatatu, alasiri, asiyefika shamba limekwenda.

Siku mbili kabla, mvua ya Elgon ilibeba daraja la Kuywa. Mbao zake zilikuwa zimeoza tangu zamani, kila mtu aliziona, na wakubwa wenye kulitunza walipita juu yake kwa magari wakifunga macho. Mabasi yakasimama. Festus naye alikuwa Eldoret na lori la tajiri wake.

Jumapili jioni Wekoye alikuwa ameketi mlangoni akifunga vitambaa miguuni ili atembee usiku kucha, aliposikia magurudumu. Sellah alisimama nje ya ua, mgongo umegeukia nyumba, akazungumza na baiskeli.

"Baiskeli, mwambie baba kwa miguu hatafika. Mwambie kesho alfajiri wewe utakwenda Bungoma."

Wekoye aliutazama mti wa mkuyu. "Na mto, baiskeli? Utauruka?"

"Mwambie baba mto niachiwe mimi. Nimezaliwa pale."

"Mwambie anayekuendesha kwamba mimi siwezi kuketi nyuma ya mke wa mwanangu. Wazee watanila."

Sellah aliikaza leso kiunoni. Kisha akasema polepole, na safari hii hakuiambia baiskeli. "Mama Lenah alinipokea katika nyumba yake. Sitaki alimwe na Wakonyo."

Wekoye alianza kuvifungua vitambaa miguuni, kimoja kimoja.

Alfajiri akakuta baiskeli tayari, na kwenye kiti cha nyuma kati ya mahali pake na mgongo wa Sellah umesimamishwa ungo, ule ungo mpana wa kupepetea nafaka ya wimbi, umefungwa kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu mbovu. Ulikuwa ukuta kamili. Wekoye alipanda. Mbele yake hakuona kitu ila mianzi iliyosukwa, na hivyo ndivyo walivyotoka Kibomet, mkwe na mkwe, na ukuta mdogo wa heshima katikati.

Watu walicheka njiani. "Mzee, unapepetwa?" mama mmoja aliuliza akiwa na kuni kichwani.

"Ndiyo, natafuta makapi," Wekoye alijibu. "Nikiyapata nitawapelekea machifu."

Barabara ilikuwa udongo mwekundu, laini kama sabuni. Alingojea kuanguka. Kila mahali gurudumu lilipoteleza aliufumba mdomo asiume ulimi, na kila mara baiskeli iliinama kidogo upande huu, kidogo upande ule, ikarudi. Alimsikia Sellah akipumua nyuma ya ungo, pumzi ndefu isiyokatika. Kwenye vilima hakumwambia ashuke. Wekoye alishuka mwenyewe, kwa aibu.

Waliusikia mto kabla ya kuuona. Ukingoni malori yamesimama, na gari jeusi la chifu, na ndani yake Wakonyo anakula mkate.

"Mzee Wekoye," aliita, "na wewe ulikuwa unakwenda korti? Rudi bana, ukalale. Maji haya ni ya wiki nzima."

"Na wewe je?"

"Mimi? Korti itaningojea. Mjomba amekwisha kutuma neno kwa simu." Alitazama ungo, akamtazama Sellah, akacheka mpaka mkate ukamtoka. "Kumbe mmekuja kupepeta mto."

 Wekoye alikuwa ameuona mto.

Maji yalikuwa mekundu, yamebeba miti mizima, na nguzo za daraja zilitokeza kama meno ya mzee. Lakini chini kidogo ya daraja kulikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukiona. Mwamba mrefu ulikata mto kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yalipoufikia yalipanda juu yake, yakaanguka, kisha yakainuka tena kuwa kilima cheupe kilichonyoka kama tuta la viazi. Kilima hicho hakikwenda popote. Mto mzima ulipita ndani yake kwa kishindo, nacho kimesimama pale pale, kikitetemeka, kama mnyama anayesubiri kupandwa.

Sellah alikwenda nyumbani kwao, hatua chache tu kutoka pale, akarudi na ubao kichwani. Ulikuwa wa mvule, mrefu kumpita yeye, ncha imekunjwa juu kwa moto. Aliufungua ungo akauacha ukingoni, akailaza baiskeli juu ya ubao, akaikaza kwa kamba za mpira, akausukuma ubao majini. Alilala kifudifudi, akapiga maji kwa mikono, akapotea nyuma ya kilima kile. Watu wa malori walisogea ukingoni.

Ndipo alipoinuka.

Alisimama juu ya maji. Magoti yamekunjwa kidogo, mikono imefunguka, uso unatazama mto unakotoka. Mto ulimjia kwa nguvu zake zote, nao haukumpeleka. Ulipita chini ya nyayo zake ukilia, na yeye amesimama pale pale juu ya wimbi lisilokwenda. Kisha akainama kidogo upande mmoja, kidogo tu, na ubao ukaanza kuteleza kwa pembeni, taratibu, kutoka ukingo huu kwenda ukingo ule, kama mtu anayetembea uani kwake jioni. Baiskeli ilivuka mto Kuywa ikiwa imelala, gurudumu la mbele likizunguka lenyewe.

Wekoye aligundua kwamba amevua kofia. Hakukumbuka kuivua. Mara ya mwisho aliivua kaburini.

Aliirudisha kichwani upesi. Alizoea kufikiri kwamba kila chenye nguvu huja kukunyang'anya: chifu, mzungu, homa, mvua. Hakujua kwamba mtu anaweza kusimama juu yake, bila ruhusa ya yeyote, na bila malipo, kwa kupenda tu.

Sellah alirudi kwa njia ile ile, akiwa amesimama. Alichukua ungo, akauchomeka kwenye kamba ya katikati ya ubao.

"Baba atalala nyuma ya ungo," alisema, akiangalia maji. "Ashike kamba. Asiinue kichwa."

"Mzee, usifanye wazimu," dereva mmoja alisema. "Kipande cha njugu kitakupa nini?"

"Kuna mtu wangu pale," Wekoye alisema, akalala juu ya ubao.

Baridi ilimkata pumzi. Kisha kishindo, kisha ubao ukainuka chini ya kifua chake, na akajua yuko juu ya kile kilima. Mbele yake mianzi ya ungo ilitetemeka. Alishika kamba kwa mikono yote miwili, akaanza kumtaja Lenah kwa jina lake la utoto.

Katikati ya mto tawi la mti liliwapitia. Halikuwagusa wao, liligusa ungo. Aliona mianzi ikipinda, kamba ikitoka, na ungo ukaruka, ukatua majini ukiwa umeangalia juu, ukazunguka mara moja na kwenda zake kuelekea mto Nzoia. Kamba ilikwenda nao. Mikono yake haikuwa na kitu, na mwili wake ukaanza kurudi nyuma juu ya ubao uliolowa, kiuno tayari kimo majini.

Mbele ya macho yake kulikuwa na visigino viwili.

"Shika, baba," Sellah alisema. Hakupaza sauti. "Shika, usiachie."

Akashika.

Alivishika vifundo vya miguu ya mke wa mwanawe kwa mikono yote miwili, na dunia haikupasuka. Ndani ya mikono yake alisikia kazi ikifanyika. Mshipa mmoja ulivuta, mwingine ukalegea, kidogo upande huu, kidogo upande ule, bila kukoma. Aliitambua. Ndiyo ile ile iliyowabeba juu ya udongo tangu alfajiri, wakati yeye alikuwa nyuma ya ungo akingojea kuanguka. Kumbe barabara na mto vilikuwa ndani ya mguu mmoja. Wekoye alifumba macho, akaacha kumwita Lenah, akasikiliza tu.

Ubao uligonga matope. Aliachia mara moja, akatambaa mpaka majanini, akageukia upande mwingine. Sellah naye aligeuka. Ng'ambo, Wakonyo alikuwa ametoka garini na kusimama mdomo wazi.

Kutoka hapo mpaka Bungoma hakukuwa na ungo. Wekoye alikalia kiti cha nyuma akiangalia walikotoka, mgongo kwa mgongo.

Kortini, karani alikuwa amekwisha kufunga vitabu. "Kesi ya Wekoye na Wakonyo itasogezwa," alisema. "Barabara imekatika. Chifu ametuma habari."

"Mimi nimefika," Wekoye alisema. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika. "Mliniambia asiyefika shamba limekwenda. Hamkusema asiyefika kama si mpwa wa chifu."

"Mzee, daraja halipo. Wewe ulikuwa hapa Bungoma tangu juzi. Umejimwagia maji ili utudanganye."

Mzee wa korti, Mukhisa, mtu wa macho madogo na fimbo fupi, aliinua mkono. "Umevukia wapi?"

Wekoye alijua kwamba angeweza kusema amevutwa kwa kamba na wanaume. Nje, kupitia dirishani, aliona gurudumu la baiskeli na pindo la leso iliyolowa.

"Nimevushwa na mke wa mwanangu," alisema. "Yuko nje. Alisimama juu ya mto kwa ubao, mimi nimelala. Tulikuwa na ungo kati yetu, maji yakauchukua. Nikamshika miguu."

 Mzee mmoja alifunika uso kwa kiganja.

"Umemshika mkweo," Mukhisa alisema.

"Miguu yote miwili. Tangu katikati ya mto mpaka ukingoni. Na Wakonyo aliona, mkimngoja atawaambia mwenyewe."

 Mukhisa alimgeukia karani. "Mtu akitaka kutudanganya, atasema ameogelea apate sifa. Huyu amejivua nguo mbele yetu. Fungua vitabu. Amefika, mwenzake hajafika. Tulisema wenyewe." Akamrudia Wekoye. "Kipande ni chako. Na kwa hilo la miguu utatoa mbuzi, wazee wa ukoo wako wawasafishe. Bila mbuzi usirudi katika ua wa Festus."

"Nitatoa," Wekoye alisema. "Mbuzi huyo nitamchagua mnono."

Mbuzi aliliwa. Wakubwa walilijenga daraja upya, chifu akaja kulifungua kwa hotuba ndefu, na katika hotuba alisahau kusema lilianguka kwa nini. Wekoye hakwenda kusikiliza. Alikuwa chini, kwenye ukingo, amekaa mbali kama inavyotakiwa kwa mkwe, akiangalia wimbi lisilokwenda na mtu aliyesimama juu yake.

Aliporudi Kibomet alipitia nyumbani kwa Festus. Hakuingia. Aliangika mlangoni ungo mpya alionunua sokoni Sirisia, ndani yake njugu za Lenah, akaondoka huku akiangalia majani.