Salamu Baadaye

Wifi yangu Domisiana haoni tangu utotoni, na mimi ndiye mkono wake. Nimemshika kwenda kanisani, zahanati, msibani, na kila alipoutoa mkono wake nilimshika zaidi. Kwa hiyo aliposema anakwenda stendi ya Ngara peke yake kumpokea Deodata, nilicheka mpaka machozi.

"Peke yako na nani?"

"Na hii," akanionyesha simu.

Deodata alisoma naye shule ya bweni ya wasioona. Tangu wamalize hawajakutana tena: mmoja huku kwetu Bukiriro, mwingine Biharamulo, kila mmoja akimngoja mtu mwenye macho apate nafasi ya kumpeleka. Mwenye macho hapati nafasi. Kwa upande wetu mwenye macho ni mimi, sikatai. Safari hii walikubaliana kukutana wenyewe, bila wa kuwaongoza. Mume wangu Leonidas akasema dada yake akianguka hata mara moja, habari ya kutembea peke yake iishe.

Kuhusu hiyo simu, nilichoelewa ni hiki. Vijana wa bodaboda, wa kwetu na wa Biharamulo, waliombwa kwamba kila penye shimo, kona au ngazi, waseme neno kwenye simu zao. Maneno hayo yanahifadhiwa mawinguni, ndivyo wanavyopaita, yaani kwenye makompyuta makubwa yaliyo mbali, sijui nchi gani. Asiyeona akifika mahali hapo, simu yake inamsikilizisha sauti ya aliyetangulia. Naye akikuta jambo jipya, anasema, na anayekuja nyuma anasikia.

Nilimfuata kimyakimya. Kwizera, kijana wa bodaboda wa kwetu, alimbeba kwa pikipiki hadi karibu na soko, mimi nyuma kwa pikipiki nyingine. Akashuka, akakunjua fimbo yake nyeupe, akaanza kupanda kilima.

"Shikamoo mama," simu ikasema.

"Marahaba."

"Mimi ni Gaspari, wa kijiwe cha sokoni. Habari za nyumbani? Poleni na safari. Watoto hawajambo? Sasa mama, hapo mbele kuna dimbwi."

Mguu ulikuwa umo dimbwini tayari.

Nilijiziba mdomo kwa kitenge. Ndivyo tulivyo huku, hata kumwonya mtu ni lazima kwanza umjulie hali. Kijana gani angemwamrisha mtu mzima asimame kabla ya kumpa shikamoo yake? Domisiana alikung'uta kiatu, akaendelea. Alipita kati ya mafungu ya ndizi na pikipiki zilizoegeshwa ovyo, na waliotaka kumshika mkono akawashukuru tu. Nilizoea kumsikia nyuma yangu akijikokota. Kumbe ana mwendo wake mwenyewe, wa hatua ndefu, mwendo wa mtu mwenye shughuli zake. Niliona fahari, na aibu kidogo.

Pale stendi fimbo yake ikakosa ardhi. Palikuwa na mtaro wa bomba la maji, mpya kabisa, mbele ya mahali magari ya Biharamulo yanaposhushia. Hakuna Gaspari aliyekuwa ameusema. Kabla sijamkimbilia alikuwa amerudi nyuma mwenyewe. Hapohapo wapiga debe wakalipuka, "Biharamulo hao, shukeni!" Basi likasimama ng'ambo, mlango ukiutazama mtaro, na ngazini akatokea mama mnene mwenye fimbo nyeupe, simu sikioni.

Nilipiga kelele. Kwa zile injini na honi, hata mwenyewe sikujisikia. Domisiana hakupiga kelele. Alisogeza simu mdomoni, akasema maneno machache.

Sauti yake ikaondoka pale mbele ya macho yangu, ikavuka mipaka, labda na bahari, ikafika huko nisikokujua, ikarudi Ngara na kuingia sikioni mwa mwanamke aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Mguu wa Deodata ulikuwa hewani. Ukabaki hewani. Kisha ukarudi ngazini.

Nikafanya ishara ya msalaba.

Deodata alipapasa kwa fimbo mpaka akapata ubao wa kuvukia, akavuka, akamfikia mwenzake, wakakumbatiana wakitikisika kwa kicheko na kilio pamoja.

"Tangu Biharamulo kila sauti inanisalimia," Deodata alisema. "Hii ikaja bila hata hodi. 'Mtaro! Usishuke!' Nikajua huyu hana nafasi ya salamu. Halafu nikaitambua sauti. Domisiana wee! Miaka yote hii, na salamu hujanipa!"

Ndipo Domisiana akaanza kumsalimia. Habari za Biharamulo, za nyumbani, za mama, za mashamba, za ndugu waliotangulia mbele ya haki. Basi liliondoka, lingine likaja, hawajamaliza.

"Anneth," akasema bila kugeuka, "njoo umsalimie mgeni. Hizo kandambili zako nazisikia tangu sokoni."

Nikasogea, na kwa mazoea nikanyoosha mkono nimshike. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Deodata.

"Wewe shika begi," akaniambia.

Nikashika begi, nikawafuata nyuma.