Kombe la Kumtoa Shomari

Tangu kiwanda kilipouzwa na Shomari kupunguzwa kazi, Munira alimwomba Mungu mumewe apate kitu cha kumtuliza. Kilipopatikana, hakukipenda.

Kilikuwa kidude cha plastiki, ukubwa wa kiganja. Farhan, mdogo wake Shomari, alikileta kutoka Dubai. Kila baada ya Adhuhuri Shomari alikaa nacho uwani, vitofali vikishuka kwenye kioo, naye akibonyeza kuvipanga. Munira hakutazama kioo. Alitazama mabega. Yaliyumba kushoto, yakayumba kulia, na ukimsalimu haitikii. Aliwahi kuona watu wakiyumba hivyo kwenye ngoma za pepo.

"Mwenzangu, kapandwa huyo," Hamisa, jirani yake, alimnong'oneza kwenye ua wa makuti. "Vitu vya ng'ambo hivyo! Msikitini anakwenda?"

"Anakwenda."

"Basi pepo mjanja. Anasali naye."

Munira hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwa shehe, akaandikiwa kombe: aya za zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi.

"Anywe mwenyewe, kwa radhi yake," shehe alimwonya.

Lakini nani humwomba radhi aliyepandwa? Shomari alipotoka kwenda kusali Alasiri, Munira alimimina kombe bakulini, akasema Bismillahi, akakizamisha kile kidude. Kilitoa mlio mwembamba, kisha kioo kikawa cheusi. Mwili ulimsisimka. Kweli, kulikuwa na kitu ndani!

Shomari aliporudi alikikuta bakulini, akakitoa.

"Mama Nusaiba," alimwita mkewe kwa jina la binti yao, "umefanya nini?"

"Nimekutoa mikononi mwake."

"Mwa nani?"

"Wewe ndiye unayemjua. Unayeyumba naye kila siku."

Shomari alikaa kwenye kizingiti, maji yakimchuruzika vidoleni. Munira alisubiri pepo apige kelele.

"Nilikuwa napanga matofali tu," alisema polepole. "Huchagui tofali lipi lishuke. Unachagua pa kuliweka. Ukikosea, kosa linabaki, lakini linakuja jingine. Na yakikujaa mpaka juu, unaanza upya, hakuna wa kukusimanga. Nikawaza, kumbe hata mtu aliyepunguzwa anaweza kuanza upya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeuliza habari za kazi."

Ni kweli, angeuliza. Munira alimkazia macho, bado hajaamini.

"Siku ile walipokuachisha ulirudi baada ya Isha. Ulikuwa wapi?"

Shomari alikiweka kidude sakafuni.

"Ubungo. Niliyatazama mabasi ya bara. Nilitaka kupanda lolote, niende nisirudi."

Munira alikuwa akimwinda pepo, na kumbe siku ile nusura awe mjane wa mtu aliye hai.

"Mbona hukupanda?"

"Sikuwa na nauli."

Munira alitaka kucheka, akashindwa. Aliketi kando yake kizingitini, akamshika ule mkono uliolowa.

"Niambie yote," alisema. "Sitauliza habari za kazi."