Ya Kupaka na ya Kunywa

Apeduno alikuwa amepiga magoti barazani pa zahanati, akisugua damu ya mtu aliyejikata na jembe, aliposikia kilio kikija kutoka upande wa reli. Miaka mitatu ya ufagio ilikuwa imemfundisha kupima vilio kwa sikio. Cha maumivu hupanda na kushuka. Cha woga huwa kimoja tu, kirefu, kama kamba inayovutwa. Hiki kilikuwa cha woga.

Mwanamke akatokea mbio, miguu imejaa vumbi hadi magotini, mtoto mikononi. Apeduno alimtambua: Asio, mke wa kijana mmoja wa karibu na Amagoro. Juzi tu alikuwa hapa na mtoto huyohuyo, wa kikohozi na upele, akaondoka na chupa mbili za soda zilizojazwa dawa. Sasa mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka juu, povu mdomoni.

Watu wa kwenye benchi wakavuta miguu apite. Walikuwa karani wa reli, vibarua wawili, na tanboi wa lori, msaidizi wa dereva, aliyevimba shavu kwa jino. Hakuna aliyewahi kuandika sheria pale Malaba, lakini benchi lilikuwa la wenye viatu. Akina mama wa Kiteso walikaa kwenye nyasi, jua liwake lisiwake. Karani akiingia kwa dresa, tabibu wa zahanati, mlango ulifungwa, na mazungumzo yakachukua muda wa kumaliza sigara. Mama wa kwenye nyasi akiingia, alitoka kabla mlango haujatulia.

Dresa mwenyewe, Paulinus, kwao Budalang'i, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake, na wagonjwa kwa siku hawakupungua themanini. Watu walimwita daktari, naye alikuwa ameacha kuwakatalia. Alijua lugha ya kwao, Kiswahili, na Kiingereza cha kutosha kusoma maandishi ya dawa. Kiteso, kwa miaka minne, alikuwa ameokota neno moja tu, la salamu.

Apeduno ndiye aliyekuwa na lugha zote mbili. Kiswahili alikipata kwenye shamba la mzungu, huko juu upande wa Kitale, ambako marehemu mumewe Echodu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Hukohuko ndiko alikozika mtoto wake wa pekee. Siku hiyo walikaa tangu asubuhi kwenye mlango wa nyuma wa hospitali, mlango wa Waafrika, na zamu yao ilipofika hapakuwa tena na mgonjwa wa kutibiwa.

Mwaka uliopita aliwahi kuitwa ndani awe mkalimani. Mgonjwa alikuwa Petronilla, mwanamke wa Chakol, na ugonjwa ulikuwa ule usiotajwa mbele ya wakwe. Haikupita wiki, soko zima likajua. Apeduno hakuwa amefungua kinywa, na baadaye sana ndipo alipojua kwamba wifi wa Petronilla alikuwa amesimama nje ya dirisha. Lakini nani angemsadiki mfagiaji? Kisimani mazungumzo yakaanza kukatika alipofika. Paulinus naye, alipopata malalamiko, akamwambia, "Mama, wewe shika ufagio yako." Akaushika. Akajiapiza kwamba maneno ya watu hayatapita tena kinywani mwake.

Sasa mlango ulikuwa umebaki wazi kidogo, naye alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo.

"Degedege," Paulinus alikuwa akisema, akivunja kichupa cha kwinini. "Malaria imepanda kichwa. Na dawa si nilikupa juzi? Ulitupa? Ninyi mnapewa dawa halafu mnaenda kwa waganga!"

Asio alikuwa ameacha kulia. Alisema kwa Kiteso, kwa sauti ndogo iliyokauka, "Nilimpa. Ile nyeupe nilimpa vijiko vitatu, kama ulivyonionyesha kwa vidole. Ile nyingine nikampaka mwili mzima. Nilimpa, baba, nilimpa yote."

Mkono wa Apeduno ukasimama juu ya sakafu. Aliijua ile nyeupe. Ilifanana na maziwa, na kila ilipomwagika mezani ilimchoma vidole akiifuta. Ilikuwa dawa ya upele.

Akasikiliza. Labda Asio angeonyesha kwa mkono. Labda daktari angeuliza. Hakuna aliyeuliza. Sindano ilikuwa ikivuta kwinini. Nyuma yake, kwenye nyasi, aliyahisi macho ya wale akina mama mgongoni, kama mtu anavyohisi jua bila kuligeukia.

Aliinuka, maji yakimchuruzika viganjani, akaingia.

"Mama, toka nje."

"Daktari, hiyo si malaria. Mtoto amekunywa dawa ya upele."

"Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe. Tangu aingie anasema."

Paulinus alimtazama, kisha akamtazama Asio, kama aliyegundua kuwa kumbe chumbani walikuwa watu wazima watatu. Aliinama akanusa mdomo wa mtoto. Sindano ya kwinini akaiweka chini polepole. "Muulize ngapi. Muulize saa ngapi."

Apeduno akauliza. Asio akajibu, halafu naye akauliza lake, "Kwani ile nyeupe ni ya nini?"

Hapo Apeduno angeweza kudanganya. Baadaye alilifikiria jambo hilo mara nyingi. Lakini mtoto alikuwa akitetemeka mezani, na ulimi wa Apeduno ulikuwa tayari njiani. "Ni ya kupaka, mwanangu. Haikuwa ya kunywa."

Asio hakupiga kelele. Aliitazama mikono yake miwili, akaificha nyuma.

Paulinus akamchoma mtoto sindano nyingine, ya kutuliza degedege, iliyojaza chumba harufu kali. Mtikisiko ukapungua, haukuisha. Akatoka barazani. "Wewe wa jino! Lori yenu inaenda wapi?"

"Tororo, daktari."

"Mwite dereva. Sasa hivi!"

Tanboi alikimbia amelishika shavu. Tororo, ng'ambo ya mpaka, ndiko kulikokuwa na hospitali ya karibu yenye daktari hasa. Lori lilipofika, Apeduno alimsaidia Asio kupanda, kisha naye akashika ngazi. Paulinus akamzuia kwa mkono. "Nafasi hakuna, mama. Na huko manesi wanasema Kiteso. Watamwelewa tu."

Akashuka. Paulinus mwenyewe akapanda, lori likaondoka na vumbi lake, na watu wa benchi na wa nyasi wote wakawa wanamtazama yeye.

"Kuna nini?" karani akauliza.

"Mtoto mgonjwa," alisema Apeduno, akarudi kwenye ndoo yake.

Paulinus alirejea jioni. Alipomkuta bado amekaa kwenye ngazi alisema tu, "Anapumua," akaingia ndani. Siku mbili zilipita bila habari nyingine. Ya tatu ujumbe ukaletwa na dereva: mtoto amekunywa uji. Siku hiyo, wagonjwa walipokwisha, Paulinus alikaa muda mrefu akizungusha chupa tupu ya soda mezani.

"Nilimwonyesha, mama. Hivi." Akajisugua mkono, kisha akagusa mdomo. "Hii ya kupaka, hii ya kunywa. Akaitikia kwa kichwa."

"Ulimwonyesha," alisema Apeduno. "Lakini watu wetu huitikia wakiona mkubwa ana haraka."

Dresa akaisimamisha chupa. "Kesho weka ufagio kando asubuhi. Utasimama hapa, karibu na meza."

"Wataniogopa."

"Nani?"

"Wenzangu."

"Wataogopa nini? Si unawasaidia?"

Apeduno aliona hilo haliwezi kutafsiriwa, akachukua ndoo yake.

Basi akasimama karibu na meza. Msimu wa mvua ndefu wa mwaka ule wa 1966, akina mama wa kwenye nyasi walianza kukaa ndani muda mrefu zaidi, na mlango ukafungwa kwa ajili yao pia. Walirudi wakiwa wamekunywa kilichostahili kunywewa. Kikohozi cha mzee mmoja kikajulikana kuwa cha kifua kikuu, kwa sababu safari hii mtu alimsikiliza akieleza jasho lake la usiku. Paulinus akajifunza kusema "pole" kwa Kiteso, vibaya, na wagonjwa wakacheka.

Na Apeduno akajua. Akajua ni nani mimba ilikuwa imemtoka mara tatu na nani alikuwa akipigwa. Akajua mke mdogo wa nani hakuwahi kuuona mwezi wake. Hakumwambia mtu. Hakuwa na mtu wa kumwambia, hata kama angetaka. Kisimani sasa walimpisha achote maji kwanza. Ilikuwa heshima, na ilikuwa uzio wa miiba. Alijaza mtungi, akashukuru, na nyuma yake mazungumzo yakaanza upya alipofika mbali.

Asio alirudi mwezi wa Juni, kama alivyoagizwa, mtoto apimwe. Mtoto alikuwa akitembea, amevaa shati la mtu mzima lililokatwa mikono. Mama yake aliingia bila kumtazama Apeduno usoni.

"Muulize kama anakula," alisema Paulinus.

Apeduno akauliza. Asio alijibu akiitazama sakafu. Alisema mtoto anakula, analala, anacheza na mbuzi. Kisha, bila kubadili sauti, akaongeza, "Mume wangu hajui. Nilimwambia ilikuwa degedege. Akijua ni mkono wangu atanirudisha kwetu. Wewe peke yako ndiye unayejua, mama, na kila nikikuona ni kama namnywesha tena."

"Anasema nini?" Paulinus aliuliza. Kalamu yake ilikuwa imesimama.

Alikuwa ameuliza kwa upole. Alikuwa amejifunza kuuliza. Apeduno akamtazama mtoto, aliyekuwa amemshika sketi kwa ngumi yenye matope.

"Anasema mtoto anakula vizuri, daktari. Anakushukuru."

Asio hakujua Kiswahili, lakini alipima urefu wa maneno, akaelewa kwamba lake halikutajwa. Mabega yake yakashuka. Aliifungua ngumi ya mwanawe taratibu, kidole kimoja kimoja, akambeba, akatoka.

Saa kumi na moja Apeduno alifunga madirisha akashika njia ya nyumbani. Mvua ilikuwa imekatika na reli zilimeta. Mbele yake walitangulia akina mama sita au saba wakitoka sokoni, vikapu kichwani, Asio kati yao, mtoto mgongoni. Walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja, na mmoja akacheka hadi akalishika bega la mwenzake. Upepo ulimletea sauti, si maneno. Angeweza kuwafikia kwa hatua ishirini. Walipofika penye tope wakapunguza mwendo, wakainua nguo zao, wakaendelea na hadithi yao, na Apeduno naye, huku nyuma, akapunguza mwendo.