Kipande Kilichoachwa Kiugue

...tena kapiga magoti, wifi huyu, na suruali yake ya chuo kikuu, anaweka fremu ya waya juu ya nyasi na kuhesabu madoa ya kuvu kwa kidole, huku Mama Nyasi, jina alilopewa na wachezaji kwa kuwa uwanja huu ameulea yeye tangu ulipokuwa vumbi tupu, ameshikishwa ncha ya kamba na kuambiwa asimame hapohapo, yeye, uwanjani kwake, aambiwe pa kusimama na mwanamke aliyemwibia kaka... maana hakuolewa yule, aliiba, kaka aliondoka na sanduku moja na tangu hapo ni simu tu, na simu yenyewe anapokea yeye, "Kaka yako amelala, wifi," kana kwamba mwanamume yule kazi yake ni kulala. "Saba," anasema wifi. Saba huku, alikomwagia bakteria zake, maji ya kahawia yenye harufu ya mtungi uliosahaulika, eti wamo wadudu wasioonekana, wazima kabisa, wanaila kuvu kabla kuvu haijala nyasi, haya, na ng'ambo ya kamba ni kipande kisichotiwa kitu, "Hiki tukiache kiugue, wifi, kisiguswe, ndipo tutaona tofauti," alisema hivyo siku ya kwanza kwa ile sauti yake ya asali, tukiache kiugue, sauti ileile ya mama alipoanguka kitandani, tumwache mama apumzike, wageni watamchosha, wakamwacha kweli, na nani alimgeuza ubavu, nani alimfulia shuka, nani alijibu kila alipouliza mwanangu yuko wapi... basi hakukiacha. Kila alfajiri, kabla mlinzi hajafungua geti, aliburuta mpira wa maji juu ya kipande hicho, taratibu, kuangusha umande, kwa kuwa kuvu hii bila umande wa kulala juu ya majani haina nguvu, na hilo alifundishwa na nani kama si wifi mwenyewe, aliyapenda sana maelezo yake, akome. "Nane huku," anasema wifi ng'ambo ya kamba, na sauti imeshuka. Nane! Moyo wa Mama Nyasi unacheka, umeumbuka, mtaalamu, umeumbuka mchana kweupe, na mwenyekiti wa klabu amesimama hapo tumbo mbele akifuta jasho, "Sasa daktari, saba na nane si kitu kilekile? Mimi narudi kwenye dawa yangu ya dukani," ...dawa ya dukani, ile ya dumu lenye picha ya fuvu, inayobebwa mgongoni kwa bomba, na mgongo wenyewe ni wa nani, si huu, na viganja vilivyobanduka ngozi si hivi, ah, hilo hakulipigia hesabu... "Una hakika hakuna aliyekigusa?" anauliza mwenyekiti, na wifi hata hakugeuka, "Kipande kiko mikononi mwa wifi yangu. Angekigusa angeniambia," kisha polepole, kwa mwenyekiti peke yake lakini upepo hauna siri, "Dawa yangu imeshindwa, nakubali. Ila bomba msimpe tena yeye, nakuomba. Mikono yake niliiona siku tuliyomzika mama. Ndiyo maana nilileta majaribio hapa." "Tumpe nani sasa? Kazi ni yake," anasema mwenyekiti... siku ile, kweli, wifi aliishika mikono hii, akaigeuza, akaitazama, na yeye akajua ni kinyaa, miaka yote alijua ni kinyaa, kumbe, na bado hampendi, asidanganywe, hampendi hata sasa, kaka hakuja na mama alikufa akimwita, lakini huruma ya nyasi aliyojisingizia ilikuwa uongo, hakuhurumia jani hata moja alfajiri zile, ilikuwa roho mbaya, roho mbaya tupu, alitaka auone uso huu ukishuka, na umeshuka, uko hapo mbele yake na vumbi kwenye kope, na mtu anaanzaje, anaanza na neno gani, mbele ya mwenyekiti, baada ya kuaminiwa hivyo... "Ngoja nihesabu upya," anasema wifi akiifuta miwani kwa upindo wa shati, "labda ni macho yangu," hapana, macho yako hayana kosa, wifi, anaizungusha kamba kidoleni, macho yako hayana kosa lolote, na wifi ameinama tena. "Moja," anasema. "Mbili."